Ubavu wa Pili wa Ng'ombe wa Gumato

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mwalimu Mbeyu Changawa amechuchumaa nyuma ya darasa lake, anafukua kopo la biskuti kutoka kwenye majivu. Analigonga kwa kijiti, analiacha lipoe kidogo, kisha anabandua kifuniko na kuchungulia ndani kwa wasiwasi. Vijiti vya mswaki alivyovipanga humo jana vimegeuka mkaa mtupu, vyeusi ti, na havikuvunjika hata kimoja.

"Hizi ndizo kalamu zetu," anasema, akijipangusa mikono kwenye kanga. "Nyekundu tunaitoa kwenye kichuguu, tunaichanganya na utomvu wa mgunga. Nyeupe ni karatasi yenyewe."

Anapotaja karatasi anasita, anatazama njia inayotoka uwandani. Njia ni tupu. Tangu alfajiri ameitazama mara nyingi, maana leo Alhamisi anamsubiri mtoto mmoja, na hajui kama ataletwa au ataachwa nyumbani.

Shule yenyewe ni ya udongo na makuti, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Garsen. Mbeyu, mwenye miaka ishirini na sita, anafundisha darasa la pili: watoto arobaini na mmoja, wengi wao wa wakulima wa kando ya mto, na saba tu wa wafugaji wa Kiorma. Hao saba amewapata kwa kubembeleza. Miezi mitatu alikuwa akitembea boma kwa boma, akinywa maziwa asiyoyazoea na kuchekwa Kiorma chake cha kuokoteza.

Yeye mwenyewe ni mtoto wa wakulima wa Idsowe waliohamia kutoka kusini, akasomea Golbanti. Nyumbani kwao kulikuwa na migomba, mpunga na kuku. Ng'ombe hakukuwa hata mmoja.

"Ndiyo maana nimeingia matatani," anasema. "Nilifundisha kuchora kitu nisichokijua, nikawafundisha wanaokijua kuliko mimi."

Kila Alhamisi darasa lake lina kipindi cha kuchora cha dakika arobaini. Kila mtoto hupata karatasi tatu kwa muhula mzima, basi. Mazoezi hufanywa kwenye kibao cha mawe, na karatasi hutolewa siku ya kazi safi. Mbeyu ana sheria moja isiyo na mjadala: hakuna kuchora nyuma ya karatasi, kwa sababu mkaa hupaka na kuharibu mbele. Watoto wanaijua sheria hiyo kuliko wanavyojua hesabu ya kuzidisha.

Mwezi wa Februari mwaka huu wa 1956, mkaguzi wa shule alikuja. Aliwakuta watoto wa Kiorma wamechora ng'ombe, na akacheka mpaka akavua miwani.

Ng'ombe wale walikuwa wametandazwa. Uti wa mgongo ulipita katikati, ubavu mmoja ulikwenda huku na wa pili kule, miguu minne ikatawanyika pembeni, kama ngozi iliyowambwa juani ikauke. Macho yote mawili yalikuwapo, na masikio yote, na kila baka la kila upande.

"Akaniambia, Mwalimu, mtoto achore anachokiona mbele ya macho yake, si anachokijua," anakumbuka Mbeyu. "Nikaona ni maneno mazuri. Nikayaandika ubaoni. Nikayaimbisha."

Kwa muda wa mwezi mzima akawafundisha. Simama hapa. Funga jicho moja. Unaona pembe ngapi? Ukimwona ng'ombe ubavuni, chora ubavu huo tu, huo mwingine haupo. Watoto wa wakulima walielewa upesi. Wa Kiorma walijikuna vichwa.

Aliyeteseka zaidi ni Gumato, binti wa miaka minane, mwembamba, mwenye mkono mwepesi kuliko darasa zima. Kila akichora alitandaza. Siku moja Mbeyu alichukua tambara lenye maji, akaufuta ubavu wa pili kwenye kibao cha mtoto, mbele ya wenzake.

"Aliniuliza, Mwalimu, umeupeleka wapi? Nikacheka. Sasa ndipo swali lile linanirudia."

Gumato akajifunza. Mwanzoni mwa Aprili alipewa karatasi safi, akamchora mtamba wake, jike mchanga asiyezaa bado, upande wa kushoto: mweupe, na baka jekundu begani. Ulikuwa mchoro mzuri ajabu. Mkao wa miguu, mkunjo wa ngozi ya shingo, hata ule ulegevu wa mkia wa ng'ombe anayesinzia, vyote vilikuwamo. Mbeyu akampa auchukue nyumbani.

Mtamba huyo si ng'ombe wa baba. Ni wa Gumato. Siku Gumato alipozaliwa alitengewa ng'ombe jike wake, na huyu ni mjukuu wa jike yule. Yeye ndiye anayemtoa kupe, yeye ndiye anayemwita akaja.

Mwezi wa Mei mto ukafurika. Maji yalitapakaa uwandani usiku na mchana, makundi yakachanganyika, ng'ombe wakapotea. Mtamba wa Gumato alikuwa miongoni mwao. Alikuwa bado hajatiwa chapa.

Julai ikasikika kwamba yuko kwenye zizi la mfugaji mmoja, Dukicha, upande wa chini wa mto. Dukicha naye alikuwa amepoteza mtamba wake mweupe mwenye baka, na aliapa kwamba huyu ndiye aliyerudi.

Duba, baba yake Gumato, alikuwa kitandani kwa homa. Akamtuma mdogo wake, mtu aliyekuwa safarini miaka miwili na asiyemjua ng'ombe huyo hata kwa ndoto. Mtoto wa kike wa miaka minane hazungumzi mbele ya wazee wa baraza, kwa hiyo Gumato hakwenda. Ilikwenda karatasi yake.

"Mimi nikamwambia ndugu yangu, chukua hii," anasimulia Duba, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. "Hii ndiyo mdomo ya Gumato. Mtoto anajua hiyo ng'ombe kuliko sisi yote. Weka mbele ya wazee, nyamaza."

Yaliyotokea pale yanasimuliwa vizuri zaidi na Mzee Tadicha, aliyekuwa msemaji wa wazee siku hiyo.

"Upande hii karatasi ilisema, nyeupe, baka nyekundu kwa bega. Tukaangalia ng'ombe. Kweli. Basi tukageuza karatasi kuona upande ya pili. Karatasi ikasema nyeupe. Tukazunguka ng'ombe. Ng'ombe ni nyekundu, kutoka shingo mpaka mkia. Sasa tufanye nini?"

Alipoulizwa kama hakujua kwamba nyuma ya karatasi hapakuchorwa kitu, alimtazama muulizaji kwa huruma.

"Tulijua. Sisi si watoto. Lakini shahidi akisema nusu halafu akanyamaza, wewe utamwekea maneno kwa mdomo? Ng'ombe wengi hapa ni nyeupe. Karatasi ilikuwa nyeupe. Sisi tunasoma ile iko."

Mtamba akabaki kwa Dukicha. Kwa kuwa Duba alikuwa mgonjwa, wazee walimpa nafasi moja tu: Jumamosi ya tarehe nne Agosti watakaa tena, na karatasi ileile irudi na upande wake wa pili. Walitaka kitu cha zaidi ya rangi pia, maana rangi sasa kila mtu ameiona. Wakishaamua siku hiyo, hakuna kurudi nyuma.

Siku tatu baadaye Duba alifika shuleni, bado anatetemeka kwa homa. Mbeyu alidhani amekuja kulalamika kwamba watoto wanachora viumbe hai, kinyume cha dini. Kumbe hilo Duba alikwisha kumuuliza maalim wao wa dini zamani, naye akamwambia ni kazi ya watoto, waache.

"Mwalimu, mimi nilileta mtoto akiwa anajua ng'ombe nzima," alisema Duba. "Sasa anajua nusu. Hii ndiyo kusoma?"

Mbeyu alifungua mdomo kueleza habari ya macho na kuona, akayasikia maneno yake mwenyewe, akaufunga.

Duba akasema lililomleta. Mtamba akipotea, Gumato atabaki nyumbani. Hakulisema kwa hasira. Baba wa wale watoto wengine sita walikuwa wanamsikiliza yeye, na wote wawili walilijua hilo.

"Nimechanganyikiwa, nasema ukweli," anasema Mbeyu, akipanga vijiti vya mkaa juu ya dirisha. "Mkaguzi ni mtu mzima, amesoma. Anasema chora unachokiona. Wazee nao ni watu wazima, wanasema chora ng'ombe. Nikilala namuunga mkono huyu, nikiamka namuunga mkono yule. Hata chai hainipiti vizuri."

Saa mbili na robo, watoto wakiwa wameshaanza kuimba hesabu, kivuli kinaangukia mlangoni. Ni Duba, na mkononi amemshika Gumato.

"Leo tu," anasema. "Amalize kazi yenu."

Karatasi imefungwa ndani ya kitambaa. Imekunjika pembe moja na ina alama ya kidole cha mafuta, bila shaka cha mzee wa baraza, lakini mchoro uko salama. Mbeyu anailaza kifudifudi juu ya meza, anampa Gumato kijiti cha mkaa.

"Haya mwanangu. Chora upande wa pili."

Gumato anaitazama karatasi. Anamtazama mwalimu. Anatia mikono nyuma.

"Mwalimu, umesema tusichore nyuma."

"Leo nimeruhusu."

Mtoto anasema, kwa sauti ya yule aliyefundishwa vizuri mno, "Mwalimu, umesema tuchore tunachokiona. Mimi simwoni. Hayuko."

Ubaoni nyuma ya Mbeyu maneno ya mkaguzi bado yapo, yamepakwa upya kwa chaki kila Jumatatu. Watoto arobaini wanayatazama, halafu wanamtazama yeye, wanasubiri aseme ni lipi la kushika.

Mbeyu anajaribu kueleza. Anasema kuna kuona kwa macho na kuna kuona kwa namna nyingine. Anasema ile ilikuwa ya mkaguzi na hii ni ya wazee. Anasema wakati mwingine mwalimu anaweza kukosea kidogo, si sana, ila kidogo. Kila anavyoeleza ndivyo nyuso za watoto zinavyozidi kukunjamana, na mwishowe hata yeye hajui alianzia wapi. Duba, pale mlangoni, anatazama chini kwa heshima.

Basi anafanya jambo moja tu linalomjia. Anachukua tambara, lile lile, anayafuta maneno ubaoni.

"Gumato," anasema. "Ulipokuwa ukimtoa kupe, ulisimama upande gani?"

"Huku na huku."

"Basi zunguka."

Gumato anaichukua karatasi. Haichori. Anatembea nayo hadi mlangoni, anapita chini ya mkono wa baba yake, anaiinua juu ielekee jua la asubuhi. Mchoro wa mbele unapenya na kuonekana nyuma, hafifu: pembe, mgongo, mkia, ila sasa ng'ombe ameelekea kulia. Mtoto anatabasamu kwa mara ya kwanza. Anaibandika karatasi kwenye upau wa dirisha penye mwanga, anaanza.

Mkaa unafuata mstari uliopenya, kichwa kwa kichwa, kwato kwa kwato. Halafu wekundu: anachovya kidole kwenye rangi ya kichuguu, anapaka kuanzia shingoni mpaka mkiani. Hesabu imeachwa, na mwalimu mkuu aliyekuja kuuliza kuna nini amesimama hapo hapo akasahau swali lake.

Mwisho kabisa, Gumato anachukua ncha ya kijiti na kutia doa dogo jeusi nyuma ya sikio.

Mbeyu anaona uchafu. Kazi nzuri kama hii na doa! Mkono unamwenda wenyewe, tambara liko tayari. Linaikaribia karatasi, linabaki hewani.

"Sikujua lile doa ni nini," anasimulia baadaye. "Wala sikumuuliza. Nilikumbuka tu kwamba nilishafuta mara moja. Nikaogopa mkono wangu."

Jumamosi, baraza lilikaa kando ya zizi la Dukicha. Mbeyu alitembea saa mbili kufika, na alipofika aliambiwa akae upande wa wanawake, pamoja na Darmi, mama yake Gumato, na mtoto mwenyewe. Kutoka pale mambo yalionekana bila kusikika.

Aliona karatasi ikienda mkono kwa mkono. Aliona ikigeuzwa, ikigeuzwa tena. Aliona Mzee Tadicha akiisogeza karibu na jicho, akigusa kitu kwa ukucha, akimwita Duba. Duba akatikisa kichwa: hakijui kitu hicho. Wakamwita Dukicha. Naye akatikisa kichwa.

"Nikasema basi, ni lile doa," anasema Mbeyu. "Nimewaachia uchafu, sasa karatasi nzima itaitwa mwongo. Nikamuuliza mtoto, Gumato, kile ulichoweka sikioni ni nini? Akaniambia, Mwalimu, ni pale kupe alipomla akiwa ndama. Nywele zimefunika. Mimi tu ndiye ninayepajua."

Wakati huo huo wazee watatu walikuwa wamemshika mtamba. Mzee Tadicha aliinama nyuma ya sikio la kulia, akapekua manyoya kwa vidole viwili, polepole, kama mama anayemtafuta mtoto chawa. Akasimama. Akawaita wengine waone.

Lilikuwapo kovu, dogo kama mbegu ya mtama.

Dukicha aliinama akaliona mwenyewe. Akasema neno la Kiorma lililowafanya watu washushe pumzi. Darmi alimtafsiria Mbeyu: amesema, basi wangu alikwenda na mto. Alilifungua lango la zizi kwa mkono wake, na Mbeyu anakiri kwamba alimlilia Dukicha kuliko alivyomfurahia Duba.

Gumato hakusubiri ruhusa ya mtu. Aliita mara moja, kwa ile sauti yake, na mtamba akaja.

Jumatatu asubuhi watoto saba wa Kiorma walikuwa kwenye viti vyao. Duba alimleta Gumato mwenyewe, akamwachia mwalimu maziwa katika kibuyu, akasema, "Mwalimu, sasa fundisha." Fundisha lipi, hakusema.

Na siku hiyo hiyo, saa nne, mkaguzi alifika.

Alitazama vibao, alitazama madaftari, aliutazama ubao uliokuwa mtupu akauliza maneno yake yamekwenda wapi. Mbeyu alisema yamefutika. Kisha mkaguzi akaiona ile karatasi ya Gumato, imebandikwa kwa miiba miwili ukutani, upande wa mbele ukitazama darasa. Akavua miwani yake, safari hii bila kucheka.

"Hii ndiyo kazi," alisema. "Mtoto amechora anachokiona. Vyema sana." Akatoa kalamu, akaandika "Vyema sana" pembeni, pale penye alama ya kidole cha mzee. Akaenda zake.

Hakuigeuza.

Mbeyu alisimama karibu naye muda wote, hatua moja tu kutoka ukutani. Alitaka kuibandua ile miiba. Alitaka kumwambia habari ya zizi, na kovu, na nyuma nyeupe iliyokaribia kumpokonya mtoto ng'ombe wake. Hakusema neno, na mpaka leo hajui kama ulikuwa woga au adabu.

"Bado sijui nani ana haki," anasema, akikusanya vijiti vya mswaki kwa ajili ya moto wa jioni. "Pengine wote. Pengine mimi ndiye niliyekuwa katikati nikitafsiri vibaya."

Hata hivyo ana mpango. Muhula ujao atamwomba Duba amlete mtamba shuleni. Nusu ya watoto watakaa upande mmoja, nusu upande wa pili, kila mmoja achore anachokiona, kisha karatasi zigandishwe kwa utomvu, mgongo kwa mgongo. Sheria ya kutochora nyuma ameifuta.

Na ile ya Gumato hataishusha ukutani. Ameitoa mwiba mmoja, imebaki inaning'inia kwa mwingine, ili upepo wa mlangoni uweze kuifunua kidogo.

"Mkaguzi atarudi mwezi wa Novemba," anasema Mbeyu. "Natumaini siku hiyo kutakuwa na upepo."